Gunnar Jahn: Mwanasheria aliyelinda takwimu, fedha na heshima ya Norway

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Tanganyika kupata uhuru wake, Mwafrika mmoja alisimama katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwafrika huyo alikuwa Chifu Albert Luthuli, Rais wa chama cha African National Congress cha Afrika Kusini. Serikali ya Makaburu ilikuwa imempa ruhusa ya siku chache tu kutoka nje ya nchi. Hakuna mwana wa Afrika aliyewahi kupewa tuzo hiyo kabla yake.

Aliyemkaribisha jukwaani na kuueleza ulimwengu kwa nini Luthuli alistahili heshima ile alikuwa mzee wa miaka 78. Mzee huyo hakuwa kasisi, na wala hakuwa amepata umaarufu kama mwanadiplomasia. Alikuwa mwanasheria kwa elimu, mtaalamu wa takwimu kwa kazi, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha mara mbili na Gavana wa Benki Kuu ya nchi yake kwa miaka 8. Jina lake ni Gunnar Jahn.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hulifahamu jina la Luthuli, lakini ni wachache wanaolifahamu jina la Jahn. Hata hivyo, maisha yake yana mengi ya kumfaa yeyote anayefuatilia namna dola inavyoendeshwa, kwa kuwa alitumikia umma kwa zaidi ya nusu karne, katika amani na katika vita, chini ya serikali za vyama mbalimbali, na hata chini ya uvamizi wa jeshi la kigeni.

Mtoto wa Trondheim

Gunnar Jahn alizaliwa tarehe 10 Januari 1883 katika mji wa Trondheim, mji wa kale ulioko pwani ya kati ya Norway. Wakati huo Norway ilikuwa katika muungano na Sweden chini ya mfalme mmoja, ingawa ilikuwa na Bunge lake, sheria zake na benki yake.

Benki hiyo, Norges Bank, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1816, na makao yake makuu hayakuwa katika mji mkuu bali palepale Trondheim. Ili kupata mtaji wake wa kwanza, wananchi walitozwa kodi maalumu iliyolipwa kwa madini ya fedha, na wengi walilazimika kutoa vyombo vya thamani vya nyumbani. Makao makuu yalihamishiwa mji mkuu mwaka 1897, Jahn akiwa kijana wa miaka 14. Hivyo, mtoto aliyekulia katika mji wenye makao ya benki ya taifa ndiye aliyekuja kukalia kiti cha juu kabisa cha benki hiyo miaka mingi baadaye.

Kama vijana wengi wa nchi yake waliokusudia kuingia katika utumishi wa serikali, Jahn alikwenda mji mkuu, ambao wakati huo uliitwa Kristiania na tangu mwaka 1925 unaitwa Oslo, kusoma sheria katika chuo kikuu pekee kilichokuwapo nchini. Alikuwa bado mwanafunzi mwaka 1905, Norway ilipojitoa katika muungano na Sweden bila vita na kuwa taifa huru kamili. Alihitimu shahada ya sheria mwaka 1907. Hakuishia hapo, kwani aliendelea na masomo ya uchumi na kufaulu mtihani wake mwaka 1909.

Muunganiko huo wa sheria na uchumi ndio uliomwongoza maisha yake yote. Sheria ilimfundisha kwamba mamlaka yana mipaka na kwamba kila uamuzi lazima uwe na msingi. Uchumi na takwimu vilimfundisha kwamba msingi huo ni lazima upimike.

Katika maisha yake binafsi, Jahn alimwoa Martha Larsen, mwanaharakati mashuhuri wa haki za wanawake na wa amani. Mama huyu alikuwa miongoni mwa viongozi wa tawi la Norway la Jumuiya ya Kimataifa ya Wanawake kwa ajili ya Amani na Uhuru, jumuiya iliyochipuka kutoka katika mkutano wa wanawake uliofanyika Uholanzi mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto. Suala la amani, kwa hiyo, lilizungumzwa nyumbani kwa Jahn muda mrefu kabla halijawa sehemu ya majukumu yake rasmi.

Robo karne ya kuhesabu taifa

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 1920 Jahn alikabidhiwa daftari la taifa zima alipoteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Ofisi Kuu ya Takwimu ya Norway.

Ofisi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1876, ilikuwa na sifa iliyovuka mipaka. Mkurugenzi wake wa kwanza, Anders Nicolai Kiær, ndiye aliyewashawishi wataalamu wa dunia, kuanzia mwaka 1895, kwamba si lazima kumhesabu kila mtu ili kuujua ukweli kuhusu watu wote, maadamu sampuli imechaguliwa kwa uangalifu na kuwakilisha jamii nzima. Leo kila utafiti wa mapato ya kaya na kila utafiti wa afya ya jamii hutegemea wazo hilo.

Jahn alimrithi Nicolai Rygg, ambaye alikuwa ameondoka kwenda kuwa Gavana wa Benki Kuu. Aliishika ofisi hiyo kwa robo karne, kuanzia 1920 hadi 1945. Aliandika pia kitabu cha kiada kuhusu mbinu za takwimu, kilichowasaidia wanafunzi na watumishi waliohitaji kujifunza namna ya kukusanya, kupanga na kusoma tarakimu.

Miaka hiyo haikuwa ya utulivu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uchumi wa Norway uliyumba. Benki nyingi zilianguka katika miaka ya 1920. Gavana Rygg aliamua kuirejesha kroni kwenye thamani yake ya dhahabu ya kabla ya vita, na lengo hilo likafikiwa mwaka 1928. Lakini kupanda kwa thamani ya fedha kulikuwa na gharama yake. Bei zilishuka huku madeni yakibaki palepale, hivyo mkulima au mvuvi aliyekopa wakati fedha ikiwa na thamani ndogo alitakiwa kulipa kwa fedha yenye thamani kubwa. Wengi walipoteza mashamba na nyumba zao, na ukosefu wa ajira ukaongezeka.

Katika hali kama hiyo, kila upande hudai kuwa tarakimu ziko upande wake. Kazi ya ofisi ya takwimu ilikuwa kutoa bei, mishahara, uzalishaji na idadi ya watu jinsi vilivyokuwa, awe anafurahishwa nani au anaudhika nani. Ofisi ya takwimu inayoegemea upande mmoja hupoteza kitu kisichoweza kununuliwa tena kwa urahisi, nacho ni imani ya wananchi.

Jahn mwenyewe alikuwa mwanachama wa Chama cha Kiliberali, na mwaka 1934 aliingia katika baraza la mawaziri la Waziri Mkuu Johan Ludwig Mowinckel akiwa Waziri wa Fedha. Dunia nzima ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na serikali hiyo haikuwa na wingi wa viti bungeni. Mwezi Machi 1935 ilianguka, baada ya Chama cha Wafanyakazi na Chama cha Wakulima kukubaliana kuunga mkono mpango mwingine wa kukabiliana na hali ngumu. Jahn hakung'ang'ania siasa. Alirudi kwenye ofisi yake ya takwimu na kuendelea na kazi.

Chini ya uvamizi

Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani ya Kinazi yaliivamia Norway. Mfalme Haakon wa Saba na serikali yake waliondoka Oslo na kuendelea na mapambano katika sehemu nyingine za nchi, kisha wakavuka kwenda Uingereza mwezi Juni. Katika mji mkuu, Vidkun Quisling, kiongozi wa chama kidogo kilichofuata itikadi ya Kinazi, alijitangaza kuwa mkuu wa serikali. Tangu wakati huo jina lake limekuwa neno la kumaanisha msaliti katika lugha kadhaa za dunia.

Quisling hakudumu hata wiki moja katika jaribio hilo la kwanza. Tarehe 15 Aprili Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Paal Berg, iliunda Baraza la Utawala ili kusimamia shughuli za kiraia katika maeneo yaliyokwisha kukaliwa na Wajerumani. Jahn alipewa jukumu la masuala ya fedha katika baraza hilo.

Hapa ndipo ulipokuwa mtihani mgumu kuliko yote ambayo mtumishi wa umma anaweza kukutana nayo. Mishahara ilipaswa kulipwa, chakula kilipaswa kugawanywa, shule na hospitali zilipaswa kufanya kazi, kwa kuwa wananchi hawakuacha kuwa wananchi kwa sababu tu mvamizi ameingia. Lakini kila jambo lililorahisisha maisha ya wananchi liliweza pia kurahisisha kazi ya mvamizi. Mstari kati ya kuwahudumia watu na kumhudumia adui ulikuwa mwembamba, na haukuandikwa katika sheria yoyote.

Tarehe 25 Septemba 1940 kamishna wa Ujerumani, Josef Terboven, alilivunja Baraza la Utawala, akapiga marufuku vyama vyote isipokuwa kile cha Quisling, na kuweka mawaziri aliowachagua mwenyewe. Tangu hapo mstari ule haukuwa mwembamba tena. Mwezi Desemba majaji wa Mahakama ya Juu walijiuzulu kwa pamoja. Jahn akawa miongoni mwa wachache walioanzisha mtandao wa siri uliojulikana kama Kretsen, yaani Duara. Mtandao huo, uliowaunganisha majaji, wasomi na viongozi wa kiraia, ulikuwa kiungo kati ya upinzani wa ndani na serikali iliyokuwa uhamishoni London, na baadaye viongozi wake wakawa sehemu ya uongozi mkuu wa upinzani nchini.

Upinzani huo haukuwa wa bunduki peke yake. Walimu walikataa kujiunga na umoja ulioundwa na utawala wa Quisling, maaskofu wakajiuzulu nyadhifa zao za kiserikali, na wanamichezo wakasusia mashindano. Kazi ya watu kama Jahn ilikuwa kushauriana, kupeleka na kupokea taarifa, na kuhakikisha kwamba siku ya ukombozi itakapofika nchi haitatumbukia katika ombwe la utawala.

Wakati huohuo alikuwa na dhamana nyingine. Kabla ya vita alikuwa ameingia katika Kamati ya Nobel ya Norway, kamati inayoteuliwa na Bunge kutoa Tuzo ya Amani, na katika miaka ya uvamizi akawa Mwenyekiti wake. Mwanzoni mwa mwaka 1944 utawala wa Quisling ulitaka kuitia mkononi kamati hiyo. Wajumbe waliokuwapo nchini walijiuzulu badala ya kukubali, na mali za Nobel mjini Oslo zikawekwa chini ya uangalizi wa ubalozi mdogo wa Sweden, nchi ambayo haikuwa vitani. Kwa njia hiyo wavamizi walikosa jengo na walikosa pia heshima waliyoitafuta.

Mwaka huohuo wa 1944 Jahn alikamatwa na kupelekwa katika kambi ya Grini, nje kidogo ya Oslo, ambako maelfu ya Wanorway walifungwa wakati wa vita. Alikuwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 60.

Kuponya fedha ya nchi

Norway ilikombolewa tarehe 8 Mei 1945. Mwezi uliofuata iliundwa serikali ya umoja wa kitaifa chini ya Einar Gerhardsen wa Chama cha Wafanyakazi, na Jahn akarudi katika kiti cha Waziri wa Fedha.

Alikuta hazina yenye jeraha la aina yake. Kwa miaka mitano Wajerumani walikuwa wamegharamia jeshi lao nchini Norway kwa kuchota katika akaunti ndani ya Benki Kuu. Jumla ya fedha walizochota ilikuwa takriban kroni bilioni 11. Fedha hizo hazikutokana na kodi wala uzalishaji, bali ziliingizwa tu katika mzunguko. Matokeo yake, watu walikuwa na noti nyingi mifukoni na amana kubwa benki, huku maduka yakiwa matupu. Kama fedha zote hizo zingeachwa zikimbizane na bidhaa chache zilizokuwapo, bei zingepanda bila kikomo na akiba ya mwananchi wa kawaida ingegeuka karatasi.

Mwezi Septemba 1945 serikali iliendesha zoezi kubwa la kubadilisha noti. Noti za zamani zilikoma kuwa fedha halali, na kila mwenye nazo alitakiwa kuzipeleka zibadilishwe na kuandikishwa. Sehemu ya fedha hizo na ya amana za benki ilizuiliwa kwa muda. Hatua hiyo ilikuwa na malengo mawili. La kwanza lilikuwa kupunguza fedha zilizokuwa katika mzunguko. La pili lilikuwa kuifanya mali iliyofichwa ijitokeze hadharani, hasa mali ya wale waliotajirika kwa biashara na mvamizi au kwa magendo, ili itozwe kodi kama mali ya wengine.

Haikuwa hatua ya kupendwa na kila mtu, kwani hakuna anayefurahi kuambiwa kwamba sehemu ya fedha zake haiwezi kutumika kwa sasa. Lakini ilitekelezwa na nchi iliyokuwa imetoka tu kifungoni, na wananchi wake waliipokea kwa utulivu. Waziri aliyewaomba kujinyima alikuwa yeye mwenyewe ametoka kambini miezi michache tu kabla.

Uchaguzi wa Oktoba 1945 ulikipa Chama cha Wafanyakazi wingi wa viti bungeni, na mwezi Novemba chama hicho kikaunda serikali yake peke yake. Wizara ya Fedha ikaenda kwa Erik Brofoss, mchumi kijana. Hata hivyo, serikali hiyo mpya haikumwacha Jahn wa Chama cha Kiliberali akae kando. Mwaka 1946 aliteuliwa kuwa Gavana wa Benki Kuu, akimrithi kwa mara ya pili mtu yuleyule aliyemrithi mwaka 1920, yaani Nicolai Rygg.

Gavana na serikali

Miaka minane ya ugavana wake, kuanzia 1946 hadi 1954, ilikuwa miaka ya ujenzi mpya. Serikali iliamini katika mipango, udhibiti wa bei na mikopo ya riba nafuu ili viwanda, nyumba na meli vijengwe haraka. Riba ya Benki Kuu iliwekwa asilimia 2.5 mwaka 1946 na haikubadilishwa hadi mwaka 1955. Mwaka 1949 Serikali ilichukua hisa zote za benki zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi.

Jahn alikuwa na mashaka kuhusu fedha rahisi. Mtu aliyeziona hasara za miaka ya 1920 na kisha mafuriko ya noti za wakati wa vita hakuweza kuamini kwamba riba inaweza kushikiliwa chini daima bila bei kulipiza kisasi mahali fulani. Lakini alitambua pia kwamba yeye hakuchaguliwa na wananchi. Njia aliyoifuata ilikuwa kutoa ushauri, kutahadharisha pale alipoona hatari, na kutafuta makubaliano. Kuanzia mwaka 1951 aliongoza kamati ya ushirikiano iliyowakutanisha wawakilishi wa serikali, benki na kampuni za bima, ili masuala ya mikopo yajadiliwe mezani kabla ya kuwekewa amri.

Katika kipindi hicho, mwezi Septemba 1949, Uingereza ilishusha thamani ya pauni kwa takriban asilimia 30 dhidi ya dola ya Marekani. Norway, ambayo biashara na usafirishaji wake wa meli vilifungamana sana na Uingereza, iliifuata mara moja. Shilingi ya Afrika Mashariki nayo, iliyokuwa imefungwa kwenye pauni, ilishuka siku hizohizo. Mkulima wa mkonge wa Tanga na mwenye meli wa Bergen hawakujuana, lakini uamuzi mmoja uliofanyika London uliwagusa wote wawili.

Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 71, Jahn aliondoka Benki Kuu. Aliyemrithi alikuwa Erik Brofoss, waziri yuleyule aliyekuwa mtetezi mkuu wa sera ya riba nafuu. Jahn hakukata uhusiano na taasisi hiyo. Benki ilipotimiza miaka 150, mwaka 1966, alikuwa miongoni mwa waandishi wa kitabu cha historia yake.

Kiti cha amani

Nje ya Norway, Jahn alijulikana zaidi kwa uenyekiti wake wa Kamati ya Nobel, alioushika hadi mwaka 1966. Mwaka 1946 alitangaza ushindi wa Emily Balch wa Marekani, mmoja wa viongozi wa kimataifa wa jumuiya ileile ambayo mkewe aliitumikia. Mwaka 1950 tuzo ilikwenda kwa Ralph Bunche, mtu mweusi wa kwanza duniani kuipokea.

Lakini kumbukumbu ya miaka hiyo ina doa moja kubwa, nalo ni jina la Mohandas Gandhi. Mwaka 1947 Gandhi alikuwa miongoni mwa waliopendekezwa. Jahn alikuwa na desturi ya kuandika shajara, na shajara hizo zinaonyesha kwamba alimwona Gandhi kuwa mtu mkubwa kuliko wote waliokuwa kwenye orodha. Hata hivyo alisita. Aliona kwamba Gandhi, pamoja na kuwa mtume wa amani, alikuwa kwanza mzalendo wa taifa lake, na wakati huo India na Pakistan zilikuwa katika umwagaji damu wa kugawanyika. Tuzo ikaenda kwa mashirika ya Waquaker.

Tarehe 30 Januari 1948, siku mbili kabla ya kufungwa kwa mapendekezo ya mwaka huo, Gandhi aliuawa kwa risasi. Swali likawa iwapo tuzo inaweza kutolewa kwa marehemu. Jahn, kwa macho ya mwanasheria, aliona kwamba kufanya hivyo kungekwenda kinyume na nia ya Alfred Nobel katika wosia wake. Wengi katika kamati walikubaliana naye. Tuzo haikutolewa kwa mtu yeyote mwaka huo, na kamati ikaeleza kwamba hapakuwa na mtu aliye hai aliyestahili. Kwa miaka mingi sasa, wengi wamehesabu kukosekana kwa jina la Gandhi katika orodha ile kuwa pengo lake kubwa kuliko yote.

Miaka 13 baadaye historia ilimrudisha Jahn kwenye maswali yaleyale mawili. Tarehe 18 Septemba 1961 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa njiani kutafuta usuluhishi wa mgogoro wa Kongo. Safari hii kamati, Jahn akiwa bado Mwenyekiti, ilikubali kumpa tuzo marehemu.

Na siku hiyohiyo ya Desemba 1961 ndipo Luthuli alipopokea tuzo ya mwaka 1960 iliyokuwa imeahirishwa. Luthuli alitoka Natal, jimbo lilelile ambako Gandhi, akiwa wakili kijana, aliijenga njia ya kupinga dhuluma bila silaha. Serikali ilikuwa imemvua uchifu mwaka 1952 kwa sababu alikataa kukiacha chama chake. Alikuwa amewekewa mipaka ya kutembea na kusema, amewahi kushtakiwa kwa uhaini, na baada ya polisi kuwaua watu 69 huko Sharpeville mwezi Machi 1960, aliichoma hadharani pasi yake. Yeye naye alikuwa mzalendo wa watu wake. Mara hii uzalendo huo haukuhesabiwa kuwa kizuizi.

Hatuwezi kusema kwamba heshima aliyopewa Luthuli iliifuta kasoro ya mwaka 1948. Tunachoweza kusema ni kwamba kamati iliyokuwa imeangalia mno Ulaya na Marekani ilianza kuitazama dunia yote, na kwamba mzee aliyeiongoza alikuwapo katika uamuzi wa kwanza na wa pili. Miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Desemba 1964, alisimama tena katika ukumbi uleule kumkabidhi tuzo Martin Luther King, aliyekuwa na umri wa miaka 35.

Alichokiacha

Gunnar Jahn alifariki dunia tarehe 31 Januari 1971, siku 21 baada ya kutimiza miaka 88. Aliacha ofisi ya takwimu iliyoaminika, fedha iliyookolewa kutoka katika mafuriko ya noti za vita, na Benki Kuu iliyovuka kipindi kigumu bila kugombana na wananchi wake.

Aliacha pia shajara zake. Mtumishi anayeweka kumbukumbu za maamuzi yake hujiweka wazi kuhukumiwa na watakaokuja baada yake. Kama Jahn asingeandika yaliyojiri katika vikao vile vya 1947 na 1948, tungejua tu kwamba Gandhi hakupewa tuzo. Kwa sababu aliandika, tunajua nani alisema nini, kwa hoja ipi, na wapi hoja hiyo ilipungua. Daftari alilolifungua mwaka 1920 kwa ajili ya taifa lake hakuogopa kulifungua kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe.